Upande wa Pili wa Kanda ya Nesi

Wiki iliyopita dereva mmoja wa lori alikaa kwenye banda langu la chakula hapa Tunduma akingoja karatasi zake za mpakani, akafungulia simu. Ikatoka fidla, filimbi, na ngoma ndogo inayokimbia. Ungedhani ningeshtuka. Niliendelea kusonga ugali, nikamwuliza anataka samaki au maharage.

Lakini muziki ule naujua, rafiki yangu. Nitakusimulia bila kutia chumvi, ingawa niliishia darasa la saba na mengine huenda nimeyachanganya.

Nililelewa na bibi kule Isansa, kwenye kahawa. Misheni kulikuwa na nesi wa Kizungu kutoka Ayalandi. Alikuwa na kanda ya kikundi cha kijijini kwao, watu sita waliopiga nyimbo za zamani za watu wa kwao, Wakelti. Aliyepiga fidla ni baba yake. Kanda ile haikuuzwa popote. Waliirekodi jikoni kwao ili binti asisahau nyumbani. Msimu wa kahawa alimwazima bibi, kanda pamoja na redio yake, maana bibi alimwambia ngoma ile ni ya kazi.

Na kweli ilifaa. Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo za mbio: wanawake walizunguka kichanja wakichambua kahawa iliyokauka, vidole vikiifuata fidla. Upande wa pili ulikuwa wa polepole, fidla peke yake, na huo ndio uliokuwa wa kupumzika. Tulikula kande, tukanywa togwa. Mtu akizembea, bibi alimpigia kelele: "We, mbona uko upande wa pili na wenzio wako wa kwanza?"

Jirani yetu alimjibu, "Basi geuza kanda, mama, mgongo wangu umeshatangulia huko!"

Tulicheka sana. Au labda ilikuwa siku moja tu, mimi nikaifanya nyingi.

Siku moja wakubwa walikwenda msibani, nikabaki na redio na kanda ya nesi. Mjomba alikuwa amenionyesha kwamba ukiziba vitundu vya kanda kwa karatasi, inakubali kurekodi. Simlaumu. Yeye alinionyesha kwa kanda yake, na kidole kilichobonyeza kitufe chekundu kilikuwa changu. Nikaikariri hesabu ya saba, nisikie sauti yangu ilivyo. Nilidhani itakaa pamoja na fidla, kama watu wawili wanavyoimba kanisani. Nilipomaliza nikaenda kucheza, redio nikaiacha inazunguka.

Baada ya siku chache nesi alikuja, macho mekundu. Baba yake alikuwa amefariki.

"Mama, naomba nisikie upande wa pili."

Bibi akamwekea kiti. Wanawake wakaacha kahawa. Fidla ikaanza, nesi akafumba macho. Halafu ikakatika: saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Hivyo hivyo mpaka sabini, kisha kuku wetu, kisha kuvuma tu hadi kanda ilipoisha.

Bibi alisema, "Mwanangu, mtoto ni wangu. Kosa ni la nyumba hii."

Nesi alinitazama kidogo. "Anahesabu vizuri," akasema.

Kama ilikuwa huruma au nini, sijui, na sipendi kumsemea. Mwezi ule ule alirudi kwao na kanda yake.

Bibi hayupo tena, na vichanja vile vilioza. Nilimwomba dereva atafute nyimbo za polepole. Alikuwa muungwana, akatafuta mpaka chakula kikapoa. Zilikuwa nzuri zote. Hakuna nilioutambua, na nikisema kweli, hata ule wa kwenye kanda ungekuwamo nisingeujua. Nilidhani nitalia, nikaosha sahani.

Jana nilijaribu kuuimba mwenyewe ule wimbo wa baba yake nesi. Mwanzo ninao, kipande kifupi tu. Baada ya hapo inaingia sauti ya mtoto, inahesabu.