Shoka Jepesi

Siku niliyoteremka Voi kumchukua mume wangu, nilimkuta ameketi juu ya sanduku lake la bati nje ya nyumba za wafanyakazi wa reli, amejifunga shuka shingoni ingawa jua lilikuwa likichoma mawe. Kifua kilikuwa kimemla. Hospitalini walimwambia arudi nyumbani akapumzike, na neno hilo la kupumzika nililichukia tangu lilipotoka kinywani mwake. Kijana harudishwi nyumbani kupumzika.

Kulikuwa na muda kabla lori la kupanda mlimani halijaondoka. Nilidhani atataka chai. Akasema, "Twende dukani kwanza. Tununue shoka."

Nikamwambia shoka tunalo. Lilikuwa nyumbani Mwanda, limeegemea ukuta wa jikoni: shoka kubwa la kuchanjia magogo, la mpini mrefu na kichwa kizito kama nyundo ya reli. Alipokuja likizo alilishika kidogo tu, akaniachia kuni za miezi. Kwa macho nililijua vizuri. Kwa mikono sikuwahi kuligusa ila kulisogeza nipate kufagia.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa sasa hunicheka nikisema haya. Kwetu mlimani kuni za kuokota zilikuwa za mwanamke: unashuka na panga na kamba, unarudi na mzigo mgongoni. Gogo lilikuwa la mwanamume. Shoka likilia upande huu wa bonde, upande wa pili walijua ni la nani kwa mdundo wake, na kama mwenyewe ameamka na hasira walijua pia. Mwanamke aliyeshika shoka uani kwake alikuwa mjane. Sijui nani alitunga sheria hiyo, lakini sikuwa nimemwona aliyeivunja.

Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, alitupangia mashoka juu ya meza. Akamsukumia mume wangu lile zito kuliko yote. "Hili la mwanamume kama wewe," alisema, labda kwa huruma, labda kwa biashara. Mume wangu alilipima kwa mkono mmoja. Likamwelemea, akalirudisha taratibu kana kwamba hakupenda rangi yake.

Kisha akaanza kuchagua, na kwa muda nikasahau ugonjwa wake. Alifumba jicho moja akatazama kila mpini kutoka nchani, aone kama umenyooka. Alitafuta mistari ya mti: iliyokwenda sambamba na mpini aliikubali, iliyokatiza aliikataa, akasema mpini wa namna hiyo utavunjika na chuma kitakurukia usoni. Aligonga chuma kwa ukucha akasikiliza. Shoka la makali membamba aliliweka kando. "Hilo ni la kuangushia mti," alisema. "Kwenye gogo litazama, linase, mvutane mpaka jioni. La kuchanjia linataka mashavu, lisukume mti huku na huku." Mwishowe alibaki na moja dogo, lenye mashavu ya kutosha na mpini mfupi. Akanipa.

"Inua."

Sikuinua. Nilimwuliza shoka hilo ni la nini, yeye atakuwa wapi.

"Inua, mwenzangu. Ukirudia kuinua na bega lisilalamike, ndilo."

"Chukua lile kubwa," nikamwambia. "Utapona, utalitumia."

"Kubwa tunalo."

Alisema hivyo bila ukali, na hapo ndipo nilipokasirika. Mbele ya Mhindi na wateja wake nilisema maneno ambayo mwanamke wa kwetu hakumwambia mumewe hadharani miaka ile: kwamba anajichimbia kaburi na mimi ananipa jembe nimsaidie. Alingoja nimalize, kama alivyozoea kungoja treni ya mizigo ipite. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka juu ya mpini. Sikio la kufa halisikii dawa, nilijisemea. Leo sijui kama sikio lile lilikuwa lake au langu.

Niliinua. Lilikuwa jepesi. Lilinifaa kabisa, na hilo ndilo lililoniliza njia nzima, lori likipanda kona za mlima na yeye akikohoa ndani ya shuka.

Mwanda tulikuta ukungu. Miezi ya baridi ukungu hukaa juu yetu kutwa nzima. Ukisimama mlangoni hulioni zizi. Kuni nilizookota zilikuwa na unyevu, zikatoa moshi kuliko moto, na moshi ulikuwa unammaliza nikiona. Akiukimbia nje, baridi inamkamata. Akirudi ndani, moshi unamkaba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na magogo ya miwati aliyoyaangusha likizo iliyopita, yamekauka vizuri, yanataka kuchanjwa tu. Ningeweza kuwaomba wanaume wa jirani, nao wangekuja mara moja, mara mbili. Lakini moto unawashwa kila siku. "Utaomba mpaka lini?" aliniuliza. Shoka jipya nilikuwa nimelificha chini ya kitanda, sijui nikimficha nani.

Asubuhi moja alikohoa mpaka akashindwa kusimama. Nikalitoa.

Aliketi kizingitini na blanketi lake, akawa ananifundisha. Gogo lisimamishe juu ya gogo. Tafuta ufa uliopo tayari, usilazimishe wako. Gogo nene usilipige katikati, anzia ukingoni. Penye fundo pakwepe. "Na mikono isikakamae," alisema. "Shoka litaanguka lenyewe, wewe lielekeze tu." Mapigo yangu ya kwanza yalikuwa ya aibu, moja gogoni, moja ardhini. Halafu gogo likafunguka, likanukia, naye akasema, "Haya." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Nikaendelea. Jasho lilinitoka, na kwa mara ya kwanza tangu Voi sikuwa nikiwaza chochote.

Ndipo tukasikia kilio.

Kilianzia ng'ambo ya bonde, sauti ya jirani yetu, mama mtu mzima ambaye hakuna msiba alioukosa. Sauti nyingine zikamwitikia. Katika ukungu ule hakuna aliyeweza kutuona. Walikuwa wamesikia shoka tu, jepesi, lisilo na mpangilio, likitoka katika ua wa mgonjwa. Kwao hiyo ilikuwa habari kamili: mwenye nyumba amefariki, na mjane anachanja kuni za matanga peke yake, aibu ya mlima mzima. Tulisikiliza miguu ikipanda. Mume wangu ndiye aliyeelewa kwanza.

"Wanakuja kunizika," alisema.

Wakatokea katika ukungu mmoja mmoja, wanawake wenye mizigo ya kuni mgongoni, maana kwetu nyumba ya msiba huletewa kuni. Jirani alikuwa mbele, machozi yanamtiririka, anausimulia wema wa marehemu. Akamwona marehemu kizingitini. Mzigo ukamponyoka.

"Karibuni," mume wangu alisema. "Endelea, mama. Ulikuwa umefika wapi?"

Wakacheka, wengine bado wakilia. Jirani aliketi chini akajifunika uso kwa leso. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikizitazama zile kuni. Zilikuwa kavu, zimekatwa sawasawa, zimefungwa kamba vizuri. Mtu hawezi kuandaa mzigo wa namna ile kwa muda ule mfupi. Walikuwa wameziweka tayari siku nyingi.

Kuni za matanga zikishatuliwa uani hazirudishwi. Nilisema nitaziacha zioze, maana kuziwasha mtu akiwa hai ni kukiita kifo kwa jina. Jioni ile alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia.

"Washa," akaniambia. "Ni zangu. Nani mwingine ana haki nazo?"

Niliwasha. Zilishika mara moja, bila moshi. Alisogeza miguu karibu na moto, akaota, akanywa uji wake wote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, husema wazee, lakini mume wangu aliota moto wa matanga yake mwenyewe akasema ni mzuri. Nilikaa kando yake nikitamani usiku huo usiishe, na nikimchukia kila mwanamke aliyezikata kuni zile.

Zilipokwisha nilirudi kwenye magogo. Nilichanja kila asubuhi, naye kizingitini akinikosoa, na alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani alinikosoa kupitia ukutani, kwa kusikia tu. "Hapo umepiga fundo." Mlima ukanizoea. Wanaume waliopita njiani walinitania, wakaniita fundi. Hakuna aliyekimbia tena kwa sababu ya shoka langu.

Alikufa asubuhi, nikiwa nakoroga uji. Nilipogeuka, kifua kilikuwa kimetulia. Nilimwita, nikamtikisa, nikamfumba macho. Desturi ni mjane apaze sauti mlangoni, watu wajue. Nilisimama mlangoni mbele ya ukungu nikafungua kinywa, pasitoke kitu. Nikajaribu tena, kikatoka kitu kidogo kama kikohozi chake. Kumwacha peke yake nikapige hodi kwa watu sikuweza. Basi nikachukua shoka. Nilichanja gogo la kwanza, nikachanja la pili, kisha nikawa napiga ovyo, napiga ardhi, napiga mawe, wasikie kwamba hii si kazi ya kila siku. Nikatulia nisikilize. Kulikuwa na mbuzi tu wakilia bondeni.

Halafu sauti ya jirani ikavuka ukungu, changamfu.

"Hujambo, mama. Leo umeamkia kazi kweli. Mgonjwa wetu umsalimie sana."

Sauti iliyokataa kulia ikatoka bila shida yoyote. "Zitafika," nikaitikia, nikasimamisha gogo lingine.