Kigelegele Katika Ukumbi wa Okestra

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipomkana mama aliyenilea ugenini. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Minneapolis, nimejaa majivuno ya msomi mchanga. Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kivu na jirani yangu huko Brooklyn Center, ndiye aliyenilisha fufu na sombe, kisamvu cha kwao, katika majira yangu ya kwanza ya baridi. Siku hiyo okestra ya mji ilipiga bure kwa umma, nami nikampeleka. Nakiri, nilitaka aone jinsi nilivyostaarabika.

Sehemu ya kwanza ya muziki ilipokwisha, ukumbi mzima ulinyamaza, kwa kuwa desturi yao ni kuzuia makofi hadi mwisho kabisa. Sikuwa nimemweleza. Mama akainuka, akapiga kigelegele kirefu, kile cha harusini. Vichwa vikageuka. Bibi wa kiti cha jirani akaniuliza, kwa upole tu, kama tumekuja pamoja.

Nikajibu, "No."

Tamasha lilipokwisha, tukarudi kwa gari. Tulipofika mlangoni pake ndipo aliposema, "Mtoto yangu, Kiingereza sijui. Lakini ile 'no' minaijua. Kwa kambi, miaka kumi na mbili, njo ile wakubwa wa makaratasi walikuwa wananijibu."

"Mama, kule wana taratibu zao..."

"Unifundishe, nitanyamaza! Lakini kwetu mutu akifanya vizuri, hatumwache peke yake. Hata ule baba wa gitaa kubwa ya kusimama alinichekea. Wewe njo ulikunja uso."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini wangu ulivunja kitu siku ile. Nikamwomba radhi palepale kwenye theluji. Alishika kitasa, nikadhani atafunga mlango.

"Ingia," akasema. "Baridi itakuua na masomo yako yote."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Okestra ni ya mji, na mji ni pamoja na yule aliyeteremka kutoka kwenye ndege jana; hapo ni kwao pia. Basi jifunze adabu za ukumbi, na umnong'oneze mwenzako mapema, kwa maana adabu usiyomfundisha mtu ni mtego unaomtegea. Lakini ukiulizwa kama mmekuja pamoja, usipepese macho: sema ni mama yako.

Mola akujalie masikio ya kuitambua kazi njema, na koo la kuisifu bila haya. Wala usikose kamwe mtu wa kuketi kando yako.