Goti la Fabrice

Kila nikifungua chupa ya dawa ya kuchua, pale kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi Rockville, harufu yake kali hunipeleka mbali kabla sijaimimina mkononi. Kuna mzee mmoja anayelalamikia magoti kila asubuhi. Mimi namchua na kumpigia soga za hali ya hewa, lakini moyoni nimekaa kwenye benchi la bati lenye baridi, nina miaka tisa, namtazama kaka yangu akikimbia na mpira ambao miguu haiugusi ila kwa nadra.

Kaka yangu Fabrice alijiunga na jeshi la Amerika mara tu alipomaliza sekondari. Sisi ni watu wa Bukavu, Kongo. Tulikaa kambi ya wakimbizi miaka mingi ndipo tukafika Maryland. Mama alikuwa amewakimbia wanajeshi maisha yake yote, na sasa wa kumzaa mwenyewe alikuwa amevaa sare. Walimpeleka kwenye shule ya mafunzo ya kijeshi upande wa Virginia. Ilikuwa miaka ya vita, na kila aliyemaliza pale alijua anakopelekwa. Lakini shule ile ilikuwa na timu ya futiboli ya Kimarekani, na Fabrice, ambaye hata kambini hakuna aliyemshika mbio, akachukuliwa. Jumapili moja alikuja kanisani na habari: kocha hakubali mchezaji wake yeyote apelekwe vitani kabla msimu haujaisha. Na msimu ungeendelea kadiri walivyoendelea kushinda.

Hapo ndipo kundi la maombi la akina mama lilipoingia uwanjani. Kiongozi wao alikuwa Mama Njeri, nesi wa Kikenya asiyejua kusema kwa sauti ya chini. "Hawa vijana wakiwin, hawaendi," alitangaza. "Kwa hivyo watawin. Tunafast kuanzia Friday asubuhi mpaka game iishe Saturday. Mtu asinililie njaa." Sidhani kama kuna timu nyingine katika nchi hii iliyowahi kuombewa na wanawake wanane wasiojua pointi zinapatikanaje. Tulijazana kwenye gari la kanisa, vitenge vimefungwa juu ya makoti, matari miguuni. Siku ya kwanza akina mama walipiga vigelegele wapinzani walipopata pointi, mpaka kijana mmoja wa jeshi aliyekaa mbele yetu akageuka kwa adabu akatuonyesha wetu ni wepi. Lakini wetu walishinda. Wakashinda tena na tena, hata Mama Njeri akaanza kumzungumzia Mungu kama kocha msaidizi.

Nami nilifunga, msinicheke. Nilimtaka kaka yangu. Ndiye aliyenisuka nywele mama alipokuwa kazini, vibaya ajabu, na nilikwenda shule na mistari iliyopinda bila kusema neno. Kila Jumamosi nilihesabu njaa yangu kuwa kamba inayomshikilia asiende.

Novemba ikafika mechi ambayo atakayeshindwa angefunga virago. Mvua ya rasharasha ilinyesha tangu asubuhi na mchana ulikuwa na giza. Ndani ya gari nikaliona andazi kwenye mkoba wa Mama Njeri, lile aliloliweka la kufuturia, na njaa ikanishinda. Nililila nimeinama nyuma ya kiti, nikafuta mdomo, nikashuka nikiimba na wengine.

Mchezo ulipokaribia kuisha Fabrice alidaka mpira, na watu watatu wakamwangukia. Walipoinuka yeye alibaki chini, ameshika goti. Akina mama wakaanza kumkemea shetani kwa sauti zote walizokuwa nazo. Mama yangu tu ndiye hakupiga kelele. Alisimama amemkazia macho, midomo ikimtetemeka. Kisha Fabrice akainuka, akachechemea hatua mbili, akatupungia mkono. Mama akaangua kilio. "Asante Yesu, ni machozi ya furaha," Mama Njeri akasema huku amemkumbatia. Timu ikashindwa kwa pointi chache.

Fabrice alipewa siku chache za kuja nyumbani. Mama alimlaza kwenye kochi akamchua goti asubuhi na jioni, fleti nzima ikanuka dawa. Daktari wa jeshi alipompima alisema hana tatizo. Kaka aliondoka kabla ya Krismasi, akitembea sawasawa. Machi wakamrudisha ndani ya sanduku.

Kwa miaka mingi niliamini ni mimi niliyemuua. Mtu mzima, mfanyakazi wa afya, nasoma vyeti vya vifo, na bado nikiona maandazi naondoka mezani.

Mama sasa anaishi nami Bowie, na magoti yake yamechoka. Mwaka jana nilikuwa namchua, na maneno yakanitoka.

"Mama, ile mechi ya mwisho sikufunga. Nilikula."

"Haikuwa juu ya chakula yako," akasema. "Fabrice aliniambiyaka tarehe ya kuenda tangu septembre. Bashinde, bapoteze, ilikuwa ile tu. Mambo ya kocha alisemaka juu ninyi mutulie roho."

"Sasa wewe ulikuwa unafungia nini?"

"Nilikuwa naomba Mungu amuvunje muguu."

Niliacha kuchua. Nikamwona tena uwanjani, midomo ikitetemeka, na nikaelewa kilio kile kilikuwa cha nini. Sisi sote tulikuwa tunaomba kaka yangu ashinde, na mtu mmoja tu, aliyejua ukweli, alikuwa anaomba asiinuke. Nikamuuliza basi kwa nini alimchua. Kwa nini hakuliacha goti livimbe mpaka jeshi limkatae.

Mama akaushika mkono wangu akaurudisha kwenye goti lake.

"Ilikuwa inamuuma," akasema.