Baridi na Mibuni ya Wakweze

Jina la Baridi alipewa na wifi yake siku ileile aliyohamia kwa wakwe, kwa sababu alishuka kutoka milimani akiwa amevaa sweta, na jua la kule chini lilikuwa linachoma mpaka mbuzi wanatafuta kivuli. Sweta aliivua kabla hajafika mlangoni. Jina likamganda.

Aliyemwoa alikuwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa, zile za kuzungushwa kwa mkono ambazo huvua buni nyama yake nyekundu na kuacha mbegu. Kwao fundi mashine hizo hazikuwepo hata moja, maana huko kahawa hukaushwa na ganda lake. Ndiyo maana alipanda milimani kutafuta riziki. Alipita nyumba kwa nyumba na kisanduku chake cha spana, na nyumba aliyopita mara nyingi kuliko zote ilikuwa ya baba yake Baridi. Mpaka leo kaka yake Baridi anaapa kwamba mashine yao haikuwa na ubovu wowote msimu ule, ila fundi alikuwa anailegeza mwenyewe ili apate sababu ya kurudi.

Waliishi milimani mwaka na kitu. Kisha magoti ya baba yake fundi yakaanza kukataa kazi, na mwana akaitwa nyumbani kushika shamba. Baridi alifurahi. Kahawa aliijua tangu anabebwa mgongoni; alidhani anatoka kwenye mibuni anaenda kwenye mibuni.

Kwao, mbuni ni mti mfupi usiozidi kimo cha mtu, umesimama kwenye mteremko chini ya migomba, na ukungu wa asubuhi unaulowesha kabla mwenye shamba hajaamka. Anachuma buni nyekundu tu, moja moja, kwa ncha za vidole. Siku hiyohiyo inamenywa, inalowekwa mpaka ule utelezi uishe, inaoshwa, inaanikwa juu ya meza za waya na kugeuzwa kama mtoto mwenye homa. Baba yake aliweza kununa kutwa nzima kwa sababu ya buni mbichi moja iliyoingia kapuni.

Kwa wakweze nchi ilikuwa tambarare, na mibuni ilikuwa mirefu. Kila kisiki kilikuwa na mashina manne, matano, yameinamishwa kwa makusudi, utadhani ni watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Majani yake yalikuwa makubwa kama viganja vya mwanamume. Baridi alisimama mbele ya shamba akamwuliza mumewe, "Hii ndiyo kahawa?"

"Ndiyo."

"Una hakika?"

Fundi alicheka, lakini Baridi hakuwa anatania.

Mavuno ya kwanza yalimtia aibu. Wifi yake alitandika turubai chini ya mbuni, akashika tawi karibu na shina, akavuta mkono mpaka nchani. Buni zote zikaporomoka pamoja, nyekundu, za njano, za kijani, pamoja na majani na sisimizi. Baridi hakuamini macho yake. Yeye alijifunga kapu kiunoni akaanza kuchagua nyekundu, kama alivyofunzwa. Jua lilipopanda utosini wifi alikuwa ameshajaza magunia, na kapu la Baridi halikuwa limefika hata nusu.

"Baridi," wifi alimwita kutoka upande wa pili, "unachuma kahawa au unachagua mchumba?"

Wachumaji wote waliangua kicheko. Mama mkwe naye alicheka, kisha akajuta, akamsogelea na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho."

"Jicho langu bado nalihitaji, Mama," Baridi alijibu. "Ndilo linaloona iliyoiva."

Mama mkwe alimtazama kidogo, asijue kama ametukanwa, kisha akaondoka. Jioni Baridi alitazama ile kahawa ilivyomwagwa uani juu ya udongo mtupu, kuku wanatembea juu yake, akawafukuza, wakarudi. Alichohisi hakikuwa chuki. Ilikuwa ile hali ya mtu anayeona nguo inafuliwa kwa maji machafu na hana ruhusa ya kusema.

Basi akaamua kuonyesha badala ya kusema. Fundi alipopanda milimani kumsalimia mkwe wake, Baridi alimwagiza miche ya kahawa ya kwao. Aliipanda nyuma ya jiko, akaijengea kibanda cha makuti, akaitilia matandazo, akaimwagilia maji ya kuoshea vyombo kila jioni. Baba mkwe, mzee wa maneno machache, alikuja na fimbo yake akaitazama.

"Hii ya kwenu haipendi huku," alisema.

"Itazoea, Baba. Hata mimi nimezoea."

Mzee alimkodolea macho kana kwamba hilo la pili nalo lina mashaka, akaenda zake.

Mwanzoni miche ilichangamka. Kisha joto likaja lile la kukausha mate. Siku moja Baridi aligeuza jani akakuta upande wa chini una madoa ya unga wa rangi ya chungwa. Aliusugua ukamganda kidoleni. Ilikuwa kutu ya majani. Aliwahi kuisikia ikitajwa tu, kama watu wanavyotaja simba wasiyewahi kumwona. Aling'oa majani yaliyougua akayachoma. Aliongeza kivuli, kisha akapunguza kivuli. Aliomba dawa kwa bwana shamba akanyunyiza. Majani yaliendelea kuanguka mpaka miche ikabaki vijiti, na mama mkwe akauliza kwa nia njema kabisa kama anaweza kuvitumia kuwashia moto.

Baridi alivitoa mwenyewe akampelekea jikoni. Hakulia. Lakini tangu siku hiyo kila kitu cha shamba kilimkera, na hasira ikimkaa mtu muda mrefu huanza kumpa ushauri.

Ushauri wenyewe ulikuwa huu: kasoro si nchi, kasoro ni namna wanavyoitunza miti yao. Ingekatwa kama kwao, shina moja, kilele kifupi, matawi ya pembeni yakapata hewa, ingezaa buni za maana. Baba mkwe aliposafiri kumwuguza dada yake, Baridi alimbana mumewe.

"Mstari mmoja tu," alimwambia. "Ule wa karibu na njia."

"Mzee atakasirika."

"Akiona mavuno hatakasirika. Wewe ni fundi, kitu kikikataa unakifungua. Sasa fungua hiki."

Fundi alipenda amani, na siku hiyo amani ilikuwa upande wa mkewe. Walikata siku nzima, yeye na msumeno, Baridi akielekeza. Mashina marefu yaliyoinamishwa kwa miaka yaliangushwa, kikabaki kijiti kimoja kimoja kimesimama wima.

Mzee aliporudi alisimama mwanzo wa mstari kwa muda. Kisha akauliza, "Hii ilikuwa inaumwa?"

"Hapana, Baba," Baridi alijibu.

"Basi mbona mmeifanyia operesheni?"

Msimu ulipofika mibuni mingine ilielemewa na buni, na ule mstari ukatoa machipukizi mengi, wima, membamba, bila buni hata ya kuonja. Kahawa ile huzaa kwenye mashina machanga yaliyoachwa yakarefuka, na Baridi alikuwa ameyakata yote. Baba mkwe aliacha kusema naye. Akitaka jambo alimtuma mjukuu, binti wa Baridi aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, hata kama Baridi amesimama hapohapo: "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Mtoto alikuwa anageuka na kusema, "Chumvi." Ingekuwa nyumba nyingine Baridi angecheka.

Mwaka uliofuata alipata ruhusa ya kwenda kuwasalimia wazazi. Alipanda mlima akiwa na shauku ya kukaa mahali ambapo anajua kila kitu. Kaka yake alimpokea na mzaha.

"Shemeji hajambo? Na ile kahawa yenu ya huko, si ndiyo ile wanayochanganyia nyingine ili iwe chungu?"

"Kahawa yetu inavumilia," Baridi alijikuta anasema. "Haihitaji kubembelezwa kama hii."

Alishangaa mwenyewe. Yetu. Tangu lini?

Usiku alijifunika blanketi moja na likamtosha, na asubuhi akaona blanketi la pili, lile zito alilokua nalo, limekunjwa juu ya kabati. Mama yake alimwambia siku hizi hawalitumii. Baridi aliteremka mpaka chini ya shamba, mahali palipo na jua zaidi, akageuza jani bila kufikiri, kwa mazoea ya mkono tu. Unga wa chungwa ukamganda kidoleni.

Aliwaita kaka yake na baba yake.

"Vumbi la barabarani hilo," kaka alisema.

"Vumbi gani linakaa chini ya jani?"

"Basi ni ugonjwa wa kwenu. Umeuleta na viatu. Huku kuna baridi, kutu haikai."

"Baridi gani, kaka, na blanketi liko juu ya kabati?"

Baba yake akasema, "Binti yangu, mibuni hii niliipanda kabla hujazaliwa. Ukitaka kunifundisha, tafuta kitu nisichokijua."

"Hiki hukijui, Baba."

Maneno yalishatoka. Baba yake aligeuka akaenda. Mama yake alimwita jikoni akamwuliza ni huko kwenye joto ndiko alikojifunza kumjibu baba yake. Baridi aliondoka mlimani siku moja kabla ya ile aliyopanga. Njiani alijihesabia: kwa wakwe haambiwi neno, kwao hasikilizwi. Na kosa lake ni lilelile kote, kujua kahawa ya upande mwingine.

Mvua zilipoisha kaka yake alipiga simu. Mzaha haukuwepo.

"Upande wote wa chini umepukutika. Ugonjwa unapanda juu. Sasa tufanye nini?"

Baridi alikuwa amesubiri swali hilo kwa hasira miezi mingi.

"Sijui, kaka. Yangu ilikufa yote. Naweza kukwambia tu nilichofanya kisisaidie." Akamweleza. "Bwana shamba wa huku anasema kituo cha utafiti kina miche inayostahimili kutu. Kaulizeni."

"Baba hataki kusikia habari ya kung'oa. Kukata pia hataki."

Alipokata simu aliitupa kitandani. Fundi, aliyekuwa anafunga viatu, alimwuliza, "Unamkasirikia nani?"

"Wote. Baba yangu, baba yako, na majani."

Ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. Asubuhi yake baba mkwe alimkuta Baridi uani anapepeta, na kwa mara ya kwanza tangu ule mstari ukatwe hakumtafuta mtoto.

"Kwenu kuna nini?"

Alimweleza. Mzee aliegemea fimbo, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Njoo." Alimpeleka mpaka kwenye mstari ule. Baridi alikuwa amekwepa kupita hapo muda mrefu. Kumbe mzee, na magoti yake yale, alikuwa amechagua machipukizi yenye nguvu kwenye kila kisiki, akayaondoa mengine, na yaliyobaki alikuwa ameshaanza kuyainamisha kwa kamba. Maua yalikuwa yameanza.

"Iliyokatwa huota," alisema. "Mlichokosea ni kukata na kuacha. Mpigie baba yako, nitasema naye."

Wazee wale hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Baridi alishika simu sikioni mwa mkwewe, maana mzee aliishika kama anashika kaa la moto. Alimsikia akimsihi mwenzake akate upande wa chini, visiki vichipue upya huku wakitafuta miche mingine. Alisikia pia sauti ya baba yake, ndogo, kavu, ikisema huko kwenu ni huko kwenu, na huku ni huku.

Mazungumzo hayakuchukua muda. Baba mkwe alirudisha simu.

"Mbishi," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Sasa nimejua ulikotoka."

Aliondoka akichechemea, na Baridi hakuweza kuona kama anatabasamu.

Baba yake hakukata mwaka ule. Mwaka uliofuata kutu ilifika mpaka mibuni iliyo chini ya migomba ya karibu na nyumba, na kaka yake akang'oa upande wa chini wakati mzee yuko kliniki, akapanda miche ya kituo cha utafiti. Mzee alimnunia. Miche imeshika, lakini bado haijazaa, na hakuna anayejua kama ladha itakuwa ileile. Sehemu ya juu imebaki kama mzee alivyoitaka, nusu majani, nusu vijiti.

Kule chini Baridi na wifi yake wamefikia mapatano yasiyompendeza yeyote. Baridi hupita kwanza na kapu lake akichuma nyekundu, na huzianika peke yake juu ya kichanja alichotengenezewa na fundi, mbali na kuku. Wifi huja nyuma na turubai akikwanyua zilizobaki. Kila msimu wanagombana kuhusu siku ya kuanza: Baridi anataka kungoja, wifi anasema wezi na mvua hawangoji. Msimu huu wifi alianza bila kumwambia. Baridi alipofika shambani alikuta matawi matatu yameshakwanyuliwa, akaweka kapu chini, akamwambia mwenzake maneno ambayo mama mkwe alilazimika kuja kuyaamua, kisha wote wawili wakarudi kwenye mibuni, kila mmoja mstari wake.