Nusu ya Mdomo wa Izidor

Bendi ya matarumbeta ya kijiji cha Zagoričje ilipofika kwenye kile kipande ambapo tarumbeta kubwa huachiwa uwanja peke yake, Izidor Plevnik alivuta pumzi, akapuliza, na kilichotoka kilikuwa upepo. Upepo na mate. Mate yakachuruzika upande wa kushoto wa kidevu, yakadondokea suruali ya sare.

Akajipangusa, akajaribu tena. Pfff.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma. Wangecheka, ingekuwa ajali tu. Lakini mle ndani ya ukumbi wa wazima moto, walimofanyia mazoezi, kila mtu alitazama viatu vyake, kama watu waliokuwa wakilingoja jambo, nalo sasa limefika.

Mirt, kiongozi wa bendi, akaweka kifimbo chake chini. "Izidor, nenda nyumbani ukalale. Jumapili tutamweka mwingine."

"Sijanywa, Mirt." Ulimi ukamsaliti, neno lilitoka limelowa na kuteleza.

"Nani kasema umekunywa?" Mirt akauliza, kwa upole ule unaouma kuliko tusi.

Niwaeleze basi, maana msipoyajua ya nyuma mtamwonea Mirt bure. Izidor aliwahi kuwa mlevi, tena si wa kificho. Sikukuu moja ya parokia aliikalia ngoma kubwa ya bendi akidhani ni kiti, akazama ndani hadi makwapani, na padri ndiye aliyemvuta kumtoa. Hilo kijiji kililicheka kikalisamehe. Lililokosa kuchekesha ni la mkewe, Jelka. Alipopasuliwa tumbo, siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali alimngoja mume kwenye benchi mlangoni, begi mapajani, tangu asubuhi hadi walipowasha taa. Izidor alikuwa kilabuni. Alisahau kama ana mke. Jelka hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Ukinywa tena, utanitafuta na hutaniona."

Tangu hapo ni mwaka wa sita, hajaonja hata tone. Hata keki ilikuwa haingii kinywani kabla ya kuinusa, isije ikawa imetiwa ramu.

Sasa tangu kiangazi, baada ya kukata nyasi kule malishoni kando ya msitu, mwili ulikuwa umeanza kumfanyia kejeli. Kwanza uchovu: aliketi kuvaa soksi, akajikuta bado amezishika jua likiwa limepanda. Kisha goti lilivimba, likapona lenyewe bila dawa, na maumivu yakahamia mgongoni. Mchana yalitulia, usiku yalimpita mbavuni kama waya wa moto, akawa anatembea jikoni gizani huku akigonga vyombo. Akasahau jina la mbwa wa jirani. Akateleza kwenye ngazi za kanisa. Ukiyatazama moja moja, ni uzee. Ukiyakusanya, ni Izidor yule wa zamani, karudi.

Naye hakujitetea. Mtu aliyewahi kuwa mwongo hujua ukweli wake unavyosikika masikioni mwa wengine. Alama ya aibu ya zamani ilikuwa bado mbichi, na kila jicho la jirani liliigusa.

Wiki ile, usiku, alikuwa amelala chali macho yamefumbwa, maumivu yakiwa yamepoa kidogo. Akasikia kitanda kikilia. Pumzi ya Jelka ikamkaribia usoni, ikasimama juu ya kinywa chake. Jelka akavuta hewa puani, taratibu, mara mbili. Alikuwa anamnusa. Izidor hakufungua macho. Alitamani godoro limmeze.

Ndiyo maana siku ya pili baada ya yale ya bendi, alikwenda kilabuni. Si kunywa. Alijiambia, ikiwa wamekwisha kunivisha kanzu ya ulevi, acha niende mahali inapovaliwa.

Drejc alikuwa pale pembeni ya jiko, mahali pake pa kila siku. Wawili hawa walikuwa wakilewa pamoja enzi zile. Mmoja aliacha, mwingine alibaki kulinda zamu.

"Oho! Mtakatifu kashuka madhabahuni!" Drejc akapaza sauti. "Karibu, ndugu yangu. Kiti chako kimeota kutu."

"Nipe juisi ya tufaha," Izidor akamwambia mwenye kilabu. Akainua glasi, na juisi ikamwagikia shati.

Drejc akaacha kucheka. Akasogeza kiti. "Hebu nitazame. Wanasema huko nje umerudia."

"Wanasema."

"Wajinga. Mimi ulevi nimeusomea miaka thelathini na bado sijahitimu. Mlevi hulegea uso mzima, bwana. Wewe umelegea nusu. Pandisha nyusi."

Izidor akapandisha. Ikapanda moja.

"Mama yangu! Fumba macho." La kulia likafumba. La kushoto likabaki wazi, mboni imepinduka juu, weupe unang'aa. Drejc akajifanyia ishara ya msalaba. "Hujioni kwenye kioo, mtu wewe?"

"Nimeacha kujitazama." Ilikuwa kweli. Siku hizo alinyoa ndevu kwa kupapasa.

"Basi hii si chupa. Hii ni daktari, tena leo."

"Daktari atakachofanya ni kuninusa tu."

"Akunuse! Utanukia tufaha."

Wakati huohuo mlango ukafunguka. Alikuwa Jelka, kitambaa kichwani, koti halijafungwa vifungo. Mtu alikwisha kumpelekea habari. Akamwona mumewe, akaiona glasi, akaliona shati lililolowa. Akageuka kuondoka.

"Jelka!" Izidor akaita, ila jina lilitoka limevunjika vipande, na kila kipande kilimsingizia.

Aliyesimama alikuwa Drejc, miguu ikimyumba. Akaichukua ile glasi, akaenda nayo hadi mlangoni. "Shemeji, nusa. Mimi usiniamini, mimi ni mlevi. Iamini pua yako. Halafu mtazame jicho la mumeo."

Jelka akanusa glasi. Akarudi polepole mpaka mbele ya Izidor, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha. "Vaa kofia," akasema. "Twende."

Daktari wa kituo cha afya alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono baridi na maswali mengi. Hakumnusa. Alimwambia aonyeshe meno, apulize mashavu, anyooshe mikono. "Kwa kuwa hata paji la uso limekufa upande huo, na mikono ina nguvu sawa, sidhani kama ni kiharusi. Ni mshipa wa fahamu wa uso. Mgongo je? Unauma zaidi usiku?" Izidor akashangaa amejuaje. "Viungo? Moyo kwenda mbio, kizunguzungu? Kupe amekuuma kiangazi hiki?"

"Kupe hanihusu, daktari. Nimechanjwa. Mke wangu alinipeleka, mimi na nusu ya kijiji."

Daktari akapumua kama mtu aliyeusikia wimbo huo tangu asubuhi. "Chanjo ile ni ya homa ya ubongo. Lakini kupe ni mchukuzi mwenye mifuko miwili. Mmeufunga mmoja tu. Ugonjwa wa Lyme, unaoshika viungo na mishipa ya fahamu, uko kwenye ule mwingine, na huo hauna chanjo kwetu. Ulipata wekundu wowote kwenye ngozi? Huenea polepole, mara nyingi kama pete, hauwashi wala hauumi."

"Hapana. Sikuona kitu."

"Wengi hawauoni. Wengine hawaupati kabisa, na kupe mwenyewe ni mdogo kama kichwa cha pini."

Jelka alikuwa ameukaza mkoba kifuani. Izidor hakuwa na habari, na asingekuwa nayo maisha yake yote kama mkewe angenyamaza.

"Ulikuwepo," Jelka akasema, macho sakafuni. "Mgongoni, chini ya bega. Niliuona akioga pale kwenye birika la maji, siku za kukata nyasi. Duara kubwa kama sahani, katikati peupe. Nikasema moyoni, ni mdudu tu, kachanjwa huyu, hakuna neno. Sikumwambia." Akaushusha mkoba mapajani. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiita watu wakachanjwe. Na hata goti lilipovimba sikukumbuka pete. Nilikumbuka chupa."

"Umenisaidia sana, mama," daktari akasema, akishika simu kupiga hospitali ya mjini. "Watampima damu na maji ya uti wa mgongo. Dawa ipo. Uso hurudi, kwa walio wengi, ila uwe na subira."

Izidor alimtazama mkewe kwa jicho lile moja linalotii. Aliutambua ule mkao, kichwa kimezama mabegani, kama mtu anayetaka kuingia ndani ya koti lake mwenyewe. Yeye mwenyewe alikuwa ameuvaa mkao huo kwa miaka.

Vipimo vilisema yale aliyoyashuku daktari. Walimtundikia dripu, dawa ikaingia siku baada ya siku, ule waya wa moto ukapoa. Siku ya kuruhusiwa, asubuhi mapema, alitoka na begi lake akamkuta Jelka kwenye benchi la mlangoni. Lilelile.

"Umefika saa ngapi?"

"Walipofungua mlango nilikuwa nje."

Akaketi karibu naye. Alitaka kusema neno la busara, likakosekana. Likatoka lililokuwa likimkwaruza. "Usiku ule uliponinusa, sikuwa nimelala."

"Najua," Jelka akasema, akiwa amejiinamia. "Ukilala unakoroma. Nilijua uko macho, nikakunusa hivyohivyo."

Izidor akacheka. Nusu ya mdomo ilipanda, nusu nyingine ikajaribu, ikasogea kidogo sana pembeni. Mate yakamtoka. Jelka akachomoa leso, akampangusa kidevu, na hakuuondoa mkono wake haraka.