Rupia Mbili ya Veronika

Mume wangu Alois hakuchapwa viboko bomani, wala hakughushi fedha. Wanaosema hivyo sokoni Morogoro hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, na masista walinifundisha kuandika, basi naandika.

Alois alikuwa mfua fedha. Miaka ile ya Wadachi wanawake wa milimani walitoboa sarafu wakazivaa shingoni, na siku ya kodi boma lilikataa sarafu yenye tundu. Wakaziteremsha kwetu azizibe. Aliziziba mchana, mlango wazi, na kiraka alikiacha kionekane.

Mwaka wa 1909 mchuuzi Rehani alileta rupia mbili, ile sarafu moja kubwa iliyopigwa kwa uchache enzi za Kampuni ya Wadachi, kabla ya serikali yao.

"Ziba, fundi. Nataka kulipia kodi."

"Umeipata wapi?"

"Mlali, kwa mama mmoja, Veronika. Nimempa rupia moja. Imetobolewa, imechakaa, nani ataitaka?"

"Si wewe umeitaka?" Alois alisema, akaiziba.

Rehani alikwenda kwake akakisugua kiraka kikapotea, akaing'arisha sarafu kwa ndimu na majivu, akamwuzia Mzungu mpima ardhi aliyekusanya sarafu adimu. Rupia arobaini! Akamwapia kwamba tangu itoke kiwandani haijashikwa na mkono wa mtu. Mwezi haukuisha, kiraka kikageuka cheusi. Mzungu akashtaki bomani, Rehani akamsingizia fundi, na askari wakaja kumchukua Alois.

Siku zile aliyepatikana na hatia ya kughushi fedha alifungwa mnyororo. Siku mbili sikuweza kukaa kitini. Nilifagia ua niliokwisha kuufagia. Nilikwenda mtoni na ndoo nikarudi nayo tupu. Jirani yangu Rosa akachungulia: "Mke wa fundi, leo hutusomei gazeti?" Alfajiri ya siku ya tatu nilishika njia ya Mlali, nikarudi na Veronika, tukaenda moja kwa moja mbele ya bwana shauri, Mdachi aliyeamua kesi bomani.

Veronika alimnyooshea Rehani kidole. "Huyu ndiye! Kanipa rupia moja, akasema ni takataka, tena akanywa na togwa yangu!"

Alois akaulizwa.

"Tundu nimeziba mimi," alisema. "Kuuza sikuuza."

Hapo ndipo watu wanaposema alikiri. Ndiyo, alikiri kazi ya mikono yake.

Aliachiwa palepale. Rehani akaamriwa kurudisha arobaini zote. Mzungu akasema sarafu sasa ni mbovu, akamtupia Rehani rupia moja na nusu, akabaki nayo. Nilimwona akiifunga kwenye kitambaa laini kama anayefunga yai. Veronika hakupewa kitu, wala hakuna aliyemtazama.

Jioni ileile Alois alimpa Veronika rupia kumi zetu. Hilo ndilo linalotafunwa mpaka leo: kama hakuwa na hatia, alilipa za nini? Sababu yake aliniambia mimi, mkewe. Sitaisema, na anayekuja kwangu kuiuliza ataukuta mlango umefungwa.