Nilikwenda Kuokota Sufi ya Makochi, Nikakuta Shamba la Mama Lina Mwenyewe

Admin, nifichie jina, na kijiji chetu usikitaje, maana nusu ya ukoo wetu wamo humu kwenye page yako na wanasoma kimyakimya.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka kumi. Tunakaa Mafiga, hapa Morogoro, na nina genge la mboga. Mama yetu, ambaye sasa ni marehemu, alituzaa wawili tu, mimi na dada yangu mkubwa aliyebaki kijijini huko milimani. Binti wa dada anaishi kwangu tangu aanze kidato cha kwanza. Nimemlea kama wangu, na sasa amepata mchumba. Dada akanipigia: "Mdogo wangu, mahari ipokelewe kwako. Huku kwangu wageni nitawakalisha wapi, kwenye magunia?" Nikakubali kwa moyo mmoja.

Shida ikawa makochi yangu. Mbao bado nzima, lakini vitambaa vimechanika na mito imelala kabisa, mgeni akikaa anasikia ubao. Nikaanza kusaka fundi wa bei nafuu. Wa kwanza alitaja bei nikadhani anataka kunishonea na nyumba. Wa pili akasema vyote vitupwe tuanze upya. Wa tatu, baba mmoja mpole, alifumua mshono wa mto, akaingiza mkono, akaniangalia.

"Mama, hii siyo sponji. Hii ni sufi. Nani aliijaza?"

"Mama yangu, nilipokuwa naolewa."

"Basi usiitupe. Sponji ndiyo inayokula hela. Nitafutie sufi nyingine ya kuongezea, utanilipa kitambaa na ushonaji tu."

Nilifurahi mno. Shambani kwa mama kuna msufi mkubwa na huu ndio msimu wake wa kudondosha. Jumatano ya wiki iliyopita nikachukua bodaboda, nikapanda mlima na kiroba changu. Sikumwambia dada, kwani shamba la mama yako unaombea ruhusa? Nikasema nitampitia wakati wa kurudi.

Kiroba hakijafika nusu, nasikia mtu anapiga hodi nyuma yangu. Hodi, kwenye shamba letu! Mwanaume mgeni, ana panga mkononi, lakini sauti ya upole. "Habari yako mama. Samahani, nani amekuruhusu kuokota hapa?" Nikacheka. Nikamwambia hapa ni kwa mama yangu, mimi ndiye wa kumuuliza yeye.

Hakugomba. Aliingia kwenye banda akatoka na karatasi ya mauziano. Nikasoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Imeandikwa kwamba marehemu aliacha mtoto mmoja tu wa kike, naye ndiye muuzaji. Chini kuna sahihi ya dada. Pembeni, kama shahidi wa ukoo, kuna sahihi ya Mjomba, kaka wa mama yangu tumbo moja, aliyenipakata nikiwa mchanga.

Sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Fungu langu lilikuwa pale, na la binti yangu baada yangu. Wangeuza shamba tu bila kuniambia, ningelia nikanyamaza. Lakini kuniandika kwamba sikuzaliwa? Na yule mnunuzi, alipoona machozi, akaniambia, "Chukua tu sufi mama, haina shida." Nimepewa sufi ya mama yangu kwa huruma ya mtu baki!

Sikumpitia dada. Nilimpigia nikiwa nyumbani. Hakukana hata kidogo. "Wewe una mume, una mji, hata hukai huku. Ningekuandika ungekataa kusaini. Na tafadhali, usiniharibie shughuli ya mwanangu." Akakata simu. Nikampigia Mjomba, nikamwamkia shikamoo kama kawaida, maana ndivyo nilivyolelewa. Akasema, "Marahaba mwanangu. Yale ni maneno ya karatasi tu. Wewe unajulikana." Unajulikana! Na nani, na kuku wake?

Fundi amemaliza juzi. Makochi yamependeza, na mimi siwezi kuyakalia. Mume wangu anasema niende kushtaki hata kesho. Lakini wageni wanakuja Jumamosi, na huyu binti hajui lolote, anafua mapazia huku anaimba. Nikilianzisha sasa, upande wa mwanaume watasikia na posa inaweza kuvunjika, naye hana kosa. Nikinyamaza, nikawapokea, nikawapikia na kucheka nao, halafu nikaja kudai baadaye, wataniuliza mbona siku ile ulifurahi.

Kuna jambo jingine linaninyima raha. Kabla ya mahari kupokelewa, msemaji wetu hutambulisha ndugu mmoja mmoja, na msemaji ni Mjomba. Jumamosi atasimama sebuleni kwangu, mbele ya wazee wa watu, aseme kwamba mimi ni mtoto wa pili wa marehemu dada yake. Nimetenga kalamu na karatasi. Ndugu zangu, akishatamka hivyo, niitikie tu kwa ajili ya huyu binti, au nimpelekee ayaandike hayo hayo na kutia sahihi wageni wakiona? Niambieni, mimi akili yangu imegota.